Dawa ya nyoka iko mjini, mgonjwa yuko shambani

Swali lenu la wiki hii linauliza ni kitu gani kimoja kingepunguza vifo vya kuumwa na nyoka huko tuliko. Mimi ni dereva wa bodaboda wilayani Muheza, mkoani Tanga, na jibu langu ni pikipiki. Dawa ya sumu ya nyoka imekuwepo tangu miaka ya 1890. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake utengeneze kinga, kisha kinga hiyo huchukuliwa kwenye damu yake. Kwa hiyo tiba ipo. Huku kwetu watu wanafia njiani, au wanafika wamechelewa.

Masika yakianza ndipo simu zinapoongezeka. Wakata mkonge wanaingia shambani hakujapambazuka, wachuma machungwa wanapita kwenye majani marefu, na mahindi yakishaingizwa ndani panya wanayafuata, nyoka naye anamfuata panya. Anayetusumbua zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Analala njiani, rangi yake na ya majani makavu ni ile ile, anatulia mpaka umkanyage. Koboko na fira nao wapo, na sumu yao inakwenda kwenye mishipa ya fahamu: kope zinalegea, mate hayamezeki, mwisho pumzi inakata.

Mtu akiumwa, kinachofuata mnakijua. Kamba inakazwa juu ya jeraha, wembe unatolewa, anatafutwa mwenye jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha kwa imani kwamba linanyonya sumu. Siwadharau wazee wetu, wanafanya kwa huruma. Lakini nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata mwenye sumu mara nyingine anauma bila kuimwaga. Mgonjwa wa aina hiyo angepona bila jiwe, ila sifa inalibakia jiwe. Akija aliyeumwa kweli na kifutu, jiwe linawekwa vile vile, saa zinapita, na ile kamba inaunyima damu mguu ambao sumu tayari inauozesha.

Niliwahi kumpeleka binti aliyeumwa kidoleni akichuma machungwa. Tulipofika mkono ulikuwa umejaa mpaka bangili zimezama kwenye nyama, na muuguzi alihangaika nazo kwa sabuni huku binti analia. Zingevuliwa shambani, mapema kabla uvimbe haujapanda. Kisha muuguzi akachukua biro, akachora mstari pale uvimbe ulipoishia na kuandika saa pembeni, na kila baada ya muda alirudi kuchora mwingine. Damu kidogo ikatiwa kwenye kichupa cha kioo kikavu, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa. Kichupa kikiinamishwa na damu bado inatiririka, sumu imeshaharibu uwezo wa damu kuganda. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, kituo chochote cha afya kinaweza kukifanya.

Sasa pikipiki. Huko Nepal, vijiji vya mashariki vilijipangia madereva wa kujitolea. Mtu akiumwa, dereva anapigiwa, mgonjwa anakaa katikati na ndugu nyuma yake amemshika, safari moja kwa moja hadi penye dawa. Vifo miongoni mwa walioumwa na nyoka wenye sumu vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Dawa mpya haikuvumbuliwa, ila watu walijua wampigie nani na waende wapi. Sisi tunauita ukaaji huo mshikaki, na trafiki anatukamata kwa ajili yake. Naomba viongozi wa wilaya wakae na polisi, mgonjwa wa nyoka asisimamishwe barabarani, kwa sababu kumpakia peke yake ni hatari: akiishiwa nguvu anaanguka. Kabla ya kuondoka, mguu au mkono ufungiwe kijiti kama uliovunjika ili usichezechezwe. Nyoka mwenyewe aachwe, msipoteze muda kumsaka.

Ila pikipiki bila kujua dawa ilipo ni kuzunguka na mgonjwa tu. Limewahi kunikuta: tumefika sehemu, tukaambiwa dawa imeisha, nendeni mbele. Uhaba huu una historia. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda 2016. Zikaingia sokoni nyingine za bei nafuu, baadhi zikiwa zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India, ambazo kwa kifutu wetu hazifai. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Mkata mkonge asiye na mguu atakula nini?

Jambo moja kwa wazazi: mtoto hupewa kipimo kile kile cha mtu mzima, maana nyoka hakumpunguzia sumu kwa udogo wake. Msishtuke mkiona chupa nyingi, na msikubali dawa ipunguzwe ili kuokoa fedha.

Kijijini kwetu tumependekeza mambo matatu kwa mwenyekiti: namba za madereva wawili wa zamu zibandikwe zahanati, hela ya mafuta itoke kwenye mfuko wa kijiji ili mtu asianze kukopa usiku, na mganga wa zahanati kila Jumatatu apige simu hospitali ya wilaya na Bombo, hospitali ya mkoa, kuuliza dawa iko wapi, aandike jibu ukutani. Liko kwenye ajenda ya mkutano ujao.