Mtetea akiwika, ni kioja, kigego au muujiza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hapa Mikindani nina kuku jike aliyekuwa akitaga vizuri tu. Tangu mwezi uliopita anawika alfajiri kama jogoo. Mama mkwe anasema huyo ni kigego, achinjwe. Jirani anasema ni muujiza. Mwanangu wa sekondari anataka tuseme "jambo la kinyume cha maumbile". Mimi nimezoea kusema kioja. Nani mwenye Kiswahili sahihi?

JIBU: Marahaba. Ni wewe, ila wenzako nao hawakuokota maneno yao jalalani.

Nianze na kijana. Maumbile ni namna kitu kilivyoumbwa. Neno linatokana na kitenzi umba. Kwa hiyo ukilifumua fungu lake la maneno, halina kosa. Tatizo ni kwamba habari za mahakamani zimekwisha kulichukua. Likisomwa redioni, kila mtu anajua limetajwa kosa la ngono, na watoto wanatumwa dukani ghafla. Mwandikie bwana mifugo kwa maneno hayo, atafika kwako na polisi.

Jirani naye ametaja neno lenye mwenyewe. Muujiza ni wa Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kushindwa: ni jambo linalowashinda watu kulifanya. Wazee wa pwani yetu waliosoma madrasa hawalitupi ovyo. Kwao muujiza ni wa mtume, kama fimbo ya Musa kugeuka nyoka; walii akionyesha jambo la ajabu wanaita karama; na yale ya wachawi wa Firauni ni kiinimacho tu. Siku hizi mtu akinusurika kwenye ajali tunasema muujiza, na sioni ubaya, maana anayesema hivyo humkusudia Mungu. Muujiza unadai mtendaji na unadai sababu ya kutendwa. Sasa kuku wako ametumwa kumwambia nani nini?

Kigego ni neno zito zaidi, na hapa mama mkwe anifuate taratibu. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Zamani aliaminiwa kuwa ana nuksi, na wako waliouawa kwa meno hayo tu. Pacha wa neno hilo ni timvi, au chimvi, ambako tumepata uchimvi. Maneno haya hayaelezi jambo, yanashitaki. Ukimwita kiumbe kigego umekwisha kumhukumu, ndiyo maana sentensi ya mama mkwe imeishia kwenye kisu. Kwa kuku, angetosheka kusema "hii ni ndege mbaya", yaani ishara mbaya, ingawa najua kumwita kuku ndege mbaya kunachekesha kidogo.

Kioja kinasimama mbali na hayo yote. Hakimtaji Mungu wala hakimlaumu mtu. Kinasema tu kwamba macho hayajazoea. Mchongaji wa Kimakonde akitoa kwenye mpingo shetani wa jicho moja, mguu umemwota begani, hicho ni kioja, na mwenyewe anajua binadamu hayuko hivyo. Au chukua silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyo alitoweka duniani tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 akanaswa huku kwetu, karibu na Songo Mnara, Kilwa. Kwa aliyemwona ufukweni, kioja kamili. Kwa bahari haikuwa kioja. Samaki alikuwa kwake.

Kuku wako yuko hivyo hivyo. Kuku jike kwa kawaida hutumia ovari moja, ya kushoto. Ya kulia hubaki kijisehemu kisichokua. Ya kushoto ikiharibika, kwa ugonjwa kwa mfano, kile kijisehemu cha kulia huweza kukua na kutoa homoni za kiume. Upanga wa kichwani unakuwa mkubwa, na alfajiri unasikia kokoliko. Mwili wake mwenyewe ndio uliofanya hivyo, kwa hiyo hata "kinyume cha maumbile" ya kijana inayumba.

Kinachonifurahisha mimi ni jina lake. Kuku anayetaga tunamwita mtetea kwa sababu anatetea, ule mlio wa kutaka kutaga. Jogoo anawika. Ukisema "mtetea amewika", kioja kimo ndani ya sentensi yenyewe, huhitaji kuongeza neno.

Angalizo dogo la matumizi: sema kuona kioja, kutazama vioja. Kufanya vioja ni habari nyingine, hapo unamsema mtu mwenye visa, na Kenya, ambako kipindi maarufu cha vichekesho kimelibeba neno hili kwa miaka mingi, wengi wakilisikia wanacheka kwanza. Kwa mambo ya mtu kama hayo mimi napendelea kituko, ndugu yake shtuka. Kuku hana vituko, labda awe anawika kwa kumkusudia mama mkwe.

Kama achinjwe au asichinjwe, hilo si swali la lugha. Ila mkimchinja, msimwuze kwa bei ya jogoo.