Unaanza Claremont? Soma haya kabla ya kujisajili

Vyuo vya Claremont, kule California, vinashirikiana mengi, lakini usidhani ni chuo kimoja. Vya shahada ya kwanza ni vitano: Pomona (1887), Scripps (1926), Claremont McKenna (1946), Harvey Mudd (1955) na Pitzer (1963). Viwili vingine ni vya uzamili na uzamivu. Vile vitano vimepakana, na maktaba kuu, zahanati na walinzi ni wa pamoja. Msajili, ada na masharti ya kuhitimu, kila chuo na vyake. Cheti utapewa na chuo kilichokupokea, kwa hiyo swali lolote kuhusu kuhitimu lipeleke kwa msajili wa kwenu, hata kama kozi yenyewe iko ng'ambo ya barabara.

Kwenye orodha ya kozi, angalia herufi mbili za mwisho wa namba: PO, SC, CM, HM au PZ. Ndizo zinazokuambia kozi ni ya nani. Kozi inayogombewa, hasa za kompyuta, huwapa kipaumbele wanafunzi wa chuo chake au wa fani hiyo. Ukikuta imejaa, tuma ombi la ruhusa kwa mwalimu kupitia mfumo wa usajili. Eleza kwa sentensi mbili tatu umeshasoma nini na kwa nini unaihitaji muhula huu. "Naipenda sana" haimsaidii mwalimu kuamua. Wakati huohuo shikilia kozi ya akiba. Kisha rudi kwenye ratiba yako uhakikishe jina la kozi limeingia kweli, maana wapo wanaohudhuria wiki mbili kumbe hawajasajiliwa.

Krediti nazo zina mtego wake. Harvey Mudd huhesabu kozi kamili kuwa 3, wenzao wanne huihesabu 1. Ukiona kozi ya Mudd ya 1.5, hiyo ni nusu kozi. Wanaoshtuka muhula wa mwisho mara nyingi ni waliojumlisha bila kubadilisha. Na kozi kukubaliwa kama krediti si sawa na kukubaliwa kwenye fani yako kuu; kwa hilo pata idhini ya idara kwa maandishi, kabla hujaanza kusoma.

Jumanne na Alhamisi kuna kipindi kinachoisha saa 4:50 asubuhi, na kinachofuata huanza saa 5:00. Dakika kumi hizo hazikutoshi kutembea kutoka Harvey Mudd, kaskazini, hadi majengo ya kusini ya Pomona. Mchana ni afadhali: saa 8:30 hadi 8:45. Baiskeli inasaidia, ila nunua kufuli la maana.

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, ofisi yako ni ile ya chuo kilichokutolea I-20, ile fomu ya kuthibitisha umepokewa. Usiache kozi yoyote kabla ya kuzungumza nao. Ukishuka chini ya mzigo kamili wa masomo bila idhini yao, hadhi yako ya F-1 inaingia matatani, hata kama mwalimu wa kozi hiyo hana neno.

Chakula hakina shida: kitambulisho chako kinakubaliwa kwenye mabwalo ya vyuo vyote vitano. Ila Oldenborg, kituo cha lugha pale Pomona, kwa miaka mingi chakula cha mchana kililiwa kwenye meza za lugha, kila meza na lugha yake, na Kiingereza hakikuwa mojawapo.