Mto uko wapi?

Mwanangu,

Umeniuliza kama uache nyumba ya Kasarani uhamie kwa nyanyako Limuru ndipo riwaya yako iandikike. Nimekaa na swali lako siku tatu, na kila nikilirudia namwona Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa huko huko Limuru. Nivumilie.

Mwandishi ajue kwanza mto uko wapi. Nimelisema hilo tangu siku ile tuliposhuka kwenye matatu kule Limuru, ukungu umefunika kila kitu, nawe mdogo ukaniuliza, "Baba, mto uko wapi?" Swali hilo bado hunifurahisha.

Kule migongo ya ardhi imelala sambamba, kila bonde na mto wake. Barabara hufuata mgongo juu. Jirani wa ng'ambo unaweza kumwita akaitika, lakini kumfikia ni lazima uteremke hadi majini, kisha upande. Sasa soma riwaya yake The River Between (1965): mgongo wa Kameno huku, wa Makuyu kule, katikati mto Honia, maana yake kuponya. Wanaogombana huteka maji mahali pamoja. Vijana hutahiriwa ukingoni alfajiri, kwa kuwa maji yale ya baridi hutia mwili ganzi. Ondoa bonde lile, kitabu kitasimama juu ya nini?

Kinachoniuma ni 1955. Ngũgĩ, bado kijana, amemaliza muhula wake wa kwanza katika shule ya bweni ya Alliance, anarudi likizo, boma halipo. Ilikuwa Hali ya Hatari, Waingereza wakipambana na Mau Mau. Nyumba zimebomolewa, watu wamesombwa hadi kijiji kipya cha Kamirithu. Migongo ile ile, miti anayoijua, na hana mlango wa kubisha. Ardhi ya vitabu vyake haikai nyuma ya watu kama picha ya kalenda, nami naamini chanzo ni siku ile.

Lakini riwaya zake mbili za kwanza aliziandikia chuoni Makerere, Kampala. A Grain of Wheat (1967), yenye vijana wanaokimbilia stesheni ya Rung'ei kutazama treni, aliiandikia Leeds, Uingereza! Basi labda umbali husaidia. Hata hivyo, alipopanda ndege alikuwa ameshajua mto uko wapi. Wewe je?

Sitakuambia uhame wala ubaki, ingawa ulimi unaniwasha. Jumamosi nenda kwa nyanyako, vaa gambuti, teremka hadi majini, upande mgongo wa pili. Niandikie umetumia dakika ngapi, na ulipumzika wapi.

Babako