Mgonjwa wa figo aache maharage au aache nyama?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na uzito wa kilo 60. Ameambiwa kwamba ana ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu, ingawa hajaanza kusafishwa damu. Majirani wamemkataza maharage wakidai kwamba yana potasiamu nyingi. Wengine wanasema nyama ndiyo inayoua figo. Sasa anakula ugali na mchicha tu, na anazidi kukonda. Tumsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni huko kukonda, kwa sababu mwili ulionyimwa protini hubomoa misuli yake wenyewe, na taka zitokanazo na misuli hiyo huishia kwenye figo zilezile mnazotaka kuzilinda.

Washauri wa mama wanabishana kuhusu protini inatoka wapi, ilhali jambo la kwanza ni kiasi chake. Mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya tiba ya figo, unapendekeza gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa wagonjwa wa hatua ya tatu hadi ya tano, yaani takribani gramu 48 kwa mama yako. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai moja gramu 6, na kipande cha samaki au nyama chenye ukubwa wa kiganja hukaribia 25. Akila maharage, yai na nusu ya kipande hicho, pamoja na protini iliyomo kwenye ugali, atakuwa amefikia kiwango chake.

Maharage, kunde na choroko zimeonewa. Sehemu kubwa ya fosforasi yake, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa vizuri, imefungwa ndani ya fitati, kemikali ya asili ya mbegu, hivyo utumbo hufyonza kidogo kuliko ile ya nyama, na protini ya mimea kwa kawaida huuachia mwili asidi pungufu kuliko ile ya nyama. Fosfeti, yaani fosforasi inayoongezwa kiwandani kwenye soseji na nyama nyingine za kusindikwa ndiyo hufyonzwa karibu yote, hizo aziache. Dagaa wa chumvi nao wapunguzwe.

Hofu ya potasiamu ina msingi, kwa kuwa nayo ni madini ambayo figo dhaifu huweza kushindwa kuyaondoa, lakini jibu lake liko kwenye kipimo cha damu, na si kila mgonjwa wa hatua ya tatu anayo kwa wingi. Tena mchicha anaolishwa kila siku una potasiamu nyingi pia. Kipimo kikionyesha imezidi, lowekeni maharage usiku kucha, mwage maji hayo, myachemshe kwa maji mengi mapya na kuyamwaga vilevile. Mchicha nao uchemshwe na maji yake yamwagwe.

Kama siku moja atalazimika kusafishwa damu, hesabu itabadilika, kwani mashine huondoa protini na mgonjwa huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Familia nyingi huendeleza katazo la zamani hapo, na mgonjwa hudhoofika akiwa katikati ya matibabu.

Wiki hii mpelekeni kliniki apimwe uzito, potasiamu, shinikizo la damu na sukari, kisha muombe kuonana na mtaalamu wa lishe. Mtajieni pia dawa zote za maumivu na za mitishamba anazotumia, kwa kuwa baadhi yake, ikiwemo diklofenaki, huziumiza figo.