Kumshirikisha Mungu: ni ibada au ni dhambi?

Swali: Jirani yangu Mkristo ameniusia nimshirikishe Mungu katika biashara yangu. Mimi ni Mwislamu, na neno hilo limenishtua, maana kwetu kumshirikisha Mungu ni dhambi kubwa. Je, jirani amekosea Kiswahili?

Jibu: Hakukosea, nawe hukushtuka bure.

Asili ni kitenzi cha Kiarabu sharika, kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine. Ndiko yalikotoka shiriki, shirika na ushirika. Kutokana nacho Waarabu huunda ashraka, kumfanya mtu awe mshirika. Sisi tumetumia kiambishi chetu wenyewe tukapata shirikisha.

Sasa tazama kinachofuata baada ya ashraka, kwa sababu hapo ndipo penye jibu lako. Katika Kurani, sura ya Taha, aya ya 32, Musa anamwomba Mola amshirikishe nduguye Haruni katika kazi aliyopewa. Kitenzi kimefuatwa na fi, yaani "katika", na ombi ni jema kabisa. Katika sura ya Luqman, aya ya 13, Luqman anamkanya mwanawe asimshirikishe Mungu. Safari hii kitenzi kimefuatwa na bi, na maana yake ni kumpa Mungu mwenza katika uungu wake. Hiyo ndiyo shirki.

Kiswahili kinaweza kuzitenganisha maana hizo vilevile: kumshirikisha Mungu katika jambo, na kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Jirani yako alisema "katika". Utata huja watu wanapokatisha sentensi na kusema "mshirikishe Mungu" tu. Mbele ya hadhira yenye Waislamu na Wakristo, mimi ningesema "mtangulize Mungu".

Kuna jamaa mwingine wa ukoo huu: mshirikina. Kwa Kiarabu mtenda shirki ni mushrik, na wingi wake, usipokuwa kiima, hutamkwa mushrikina. Sisi tumeuchukua wingi huo tukaufanya umoja, kama tulivyofanya kwa malaika. Siku hizi magazeti huandika "imani za kishirikina" yakikusudia hirizi na ramli. Maana hiyo imeshakomaa, wala siwezi kuiita kosa, lakini haitoshi kila mahali. Kuabudu sanamu ni shirki hata pasipo mganga wala tunguri. Ukikusudia uchawi wenyewe, sema uchawi, au sihiri, ambalo nalo asili yake ni Kiarabu.