Injini kuukuu ya gemu: itupwe au ikarabatiwe?

Swali: Habari mtaalamu. Ninacheza Starfield, na milango mingi ninayoifungua inanisimamisha kwenye skrini ya kusubiri. Wenzangu wanasema injini ya Bethesda walioitengeneza, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu zao, imechakaa, waitupe wahamie Unreal, injini ya kampuni nyingine. Mimi nasomea uandishi wa programu na bado sijashawishika. Unaonaje?

Jibu: Salama ndugu yangu. Umefanya vizuri kusita. Umri peke yake hautuambii mengi: Unreal yenyewe ni ya mwaka 1998, na injini ya gemu za Call of Duty ina asili yake katika ile ya gemu ya Quake III ya 1999.

Injini ya Bethesda inatokana na ile waliyoanza nayo kwenye gemu yao ya Morrowind, mwaka 2002. Acha kikombe mezani nyumbani kwako ndani ya Skyrim, gemu yao nyingine, zurura milimani wiki nzima, ukirudi utakikuta palepale. Kila kijiko na kila mkate una rekodi yake. Unaokotwa, unaibwa, unauzwa. Juu ya mfumo huohuo wachezaji wametengeneza modi (nyongeza na mabadiliko yao wenyewe ya gemu) maelfu kwa maelfu. Unreal haiji na kitu hicho tayari. Utakijenga mwenyewe, na itakuchukua miaka. Skrini zinazokuudhi zinatokana na dunia kukatwa vipande, ndani ya nyumba na nje vikipakiwa mbalimbali. Ni kero kweli, lakini ni kero ya sehemu moja ya injini.

Waliocheza PES, gemu ya kandanda ya Konami, wanajua gharama ya kuhama. Konami waliacha Fox Engine, injini yao wenyewe, wakaenda Unreal, na Septemba 2021 eFootball 2022, mrithi wa PES, ikatoka na timu tisa tu na nyuso za wachezaji zimepotoka, hadi kampuni ikaomba radhi. Siilaumu Unreal hapo. Ujuzi wa miaka mingi ulikuwa umekaa ndani ya msimbo wa zamani, na ujuzi wa namna hiyo hauhamishwi kwa msimu mmoja.

Hata hivyo studio ya CD Projekt Red, waliotangaza Machi 2022 kuiacha injini yao ya REDengine na kuhamia Unreal, nawaelewa. Injini ya ndani inamlazimu kila mwajiriwa mpya kujifunza upya, ilhali wanaoijua Unreal ni wengi sokoni.

Mfano unaonivutia zaidi ni Oblivion Remastered ya Aprili 2025, toleo jipya la Oblivion, gemu ya Bethesda ya 2006: picha zinachorwa na Unreal 5, huku mantiki na fizikia zikiendeshwa na injini ileile ya 2006. Baadhi ya hitilafu za zamani zilikuja nayo, lakini roho ya gemu pia ilikuja.

Ungekuwa ndani ya Bethesda, ningekushauri uanze na mfumo wa kupakia maeneo, uushughulikie peke yake. Usiguse kingine mpaka faili za zamani ambamo wachezaji wamehifadhi michezo yao zifunguke bila shida.