Ziada kwenye droo ni hela ya mtu

Wadogo zangu mlioanza kaunta msimu huu wa korosho, haya ni yenu. Kufungua zamu mnajua, kupiga EFD (mashine ya risiti za kodi) mnajua, kutoa Z (ripoti ya mauzo ya siku) jioni mnajua, kwa hiyo huko sirudi. Kinachonisukuma kuandika ni chenji. Kila mwaka pale Mtwara mjini, kuanzia maduka yanayozunguka Soko Kuu hadi Mkanaledi, mikono mipya inapunja wateja kwa makosa yaleyale ya mwaka jana, na aliyepunja hata hajui kama amepunja. Mteja akirudi kudai, anakutana na uso uliokunjwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

1. Noti ya mteja haiingii kwenye droo kabla chenji haijatoka.

Hapa sisi wakongwe tukiri kwanza. Hakuna keshia wa siku nyingi ambaye hajampunja mtu kwa njia hii. Tumelifanya wote, tena si mara moja.

Linatokea hivi. Saa kumi na moja jioni, foleni ina watu saba, mvua ya Desemba inapiga bati, umeme umekatika na taa ya chaji inatoa mwanga hafifu. Mama mmoja amechukua vitu vya 3,700, anatoa noti ya 10,000. Mkono wa kulia unaipokea, wa kushoto unavuta droo, noti inadumbukia. Papo hapo mtu wa nyuma anauliza sembe kilo shilingi ngapi. Unamjibu. Ukirudisha macho kwa mama, kichwani imebaki bei ya sembe, na kwenye droo noti unayoiona juu ni ya 5,000, kwa kuwa noti ya mteja aliyetangulia ilitupwa hovyo na ile nyekundu ya 10,000 imeteleza pembeni. Unapiga hesabu ya 5,000. Unampa 1,300. Alitakiwa apewe 6,300.

Mama anahesabu, anasema: "Mwanangu, mimi nimekupa elfu kumi." Sasa mnashindana kwa kitu gani? Noti yake imeshachanganyika na nyekundu nyingine ishirini. Limebaki neno lake na neno lako, na wewe huongopi, kwa sababu kumbukumbu yako inakuonyesha tano kweli. Ndiyo maana unamjibu kwa sauti ya juu, mbele ya watu saba. Na mtu wa tatu kwenye foleni, anayetaka zamu yake ifike, anamwambia mama aache usumbufu. Mama anafunga kanga yake vizuri, anachukua mfuko, anaondoka kama mtu aliyefumaniwa akijaribu kuiba.

Saa mbili usiku droo inafungwa na ziada ya 5,000 kamili.

Aibu yetu kubwa iko hapo. Ziada ile tulizoea kuiita bahati. Tuliifukia kwenye shoti (upungufu wa droo) ya juzi, tulinywea soda, au bosi aliichukua bila kuuliza imetoka wapi. Hakuna aliyesema: yule mama alikuwa sahihi. Wengine kwenye foleni ile wanamkumbuka mpaka leo kama mama msumbufu.

Dawa yake haigharimu kitu. Ipokee noti, itaje kwa sauti yeye akisikia: "Elfu kumi, mama." Inyanyue kwenye mwanga uione sura ya Mwalimu Nyerere iliyofichwa ndani ya karatasi, ukaguzi huo huo unakulazimisha uitazame noti sawasawa. Ilaze juu ya kaunta upande wako, namba ikiangalia juu, uikandamize na kitu kizito ili feni isiipeperushe. Toa chenji. Mteja ahesabu, aseme sawa. Hapo ndipo noti inaingia kwenye droo, kwenye chumba chake. Akiuliza mtu wa nyuma bei ya sembe, mwambie: "Subiri kidogo, namalizana na mama." Hatakasirika. Na akikasirika, bado chenji imetoka sawa.

Kuhusu rangi: mchana 10,000 ya tembo na 2,000 ya simba haziwezi kukuchanganya, lakini kwa taa hafifu nyekundu iliyochakaa na ile ya hudhurungi zinakaribiana sana. Soma tarakimu, rangi iache.

2. Chenji ihesabiwe kwa kupanda, kwenye mkono wa mteja.

Kalkuleta ikisema 2,600, vijana wengi wanachota 2,600 kwenye droo na kuikabidhi kama kifurushi. Usifanye hivyo. Vitu ni 7,400, noti ni 10,000. Anzia kwenye bei: "Elfu saba na mia nne," weka sarafu ya 100, "na mia tano," weka ya 500, "elfu nane," weka ya 2,000, "elfu kumi." Ukifika kwenye noti aliyokupa, umemaliza. Ulichokosea kwenye kalkuleta kinajitokeza chenyewe, kwa sababu hesabu hazitakutana. Na mteja asiyejua kutoa kwa haraka anaweza kukufuata, maana kupanda kila mtu anajua.

Sarafu zitangulie, noti zifuate zikiwa zimekunjuliwa, moja moja. Kuna mchezo wa zamani ambao mtausikia ukisifiwa na baadhi ya wenzenu: noti moja inakunjwa katikati, inapangwa na nyingine kama kipepeo, ncha zake mbili zinahesabiwa kama noti mbili. Mteja anaona buku (noti za elfu moja) tano, mkononi anaondoka na nne. Mwingine ni kumwaga sarafu juu ya noti zilizokunjwa, mteja akawa anashughulika na sarafu zisianguke, noti hakuzitazama. Anayekufundisha hayo anakufundisha wizi, na wanaopatikana ni walewale daima: bibi aliyekuja na gari la asubuhi kutoka Nanyamba, au mtu wa Msangamkuu anayekimbilia kivuko. Mwenye haraka na mwenye macho dhaifu. Ukiwaona hao ndipo upunguze mwendo. "Shikamoo bibi, tuhesabu pamoja." Sekunde ishirini zinatosha.

Noti mpya za benki zinagandana. Zipekeche kwa vidole kabla hujazihesabu.

3. Mteja akikuongezea sarafu ukiwa umeshaanza kutoa chenji, rudisha kila kitu kwenye kaunta uanze upya. Vitu vya 7,400, amekupa 10,000, kisha anakumbuka ana mia nne: sasa ni 10,400, chenji 3,000. Usijaribu kurekebisha hesabu iliyoko njiani. Hata matapeli wanaokuja na "nibadilishie hii, hapana nirudishie ile" wanategemea ukubali kufanya mawili kwa wakati mmoja.

4. Droo ya wakala wa pesa za simu na droo ya duka zisichanganywe hata kwa dakika moja.

5. Jifunze kuisoma ziada.

Zamu ikiisha piga hivi. Z inaonyesha mauzo 452,700. Lipa namba (malipo ya simu) imeingiza 66,000, kwa hiyo taslimu ni 386,700. Ongeza floti (hela ya chenji uliyofungulia zamu) ya 50,000, toa matumizi yenye karatasi 12,000. Droo inatakiwa iwe na 424,700. Umehesabu mara mbili, umepata 429,700. Ziada 5,000.

Ziada ina sura, na sura yake inakuambia kilichotokea. Ikiwa 5,000 kamili, ama nyekundu ilisomwa kama tano, ama kuna noti ya tano haikutoka kwenye chenji. Ikiwa 8,000, nyekundu ilirudishiwa kama 2,000, na hiyo hutokea zaidi usiku. 3,000 ni tano iliyosomwa kama mbili. 300 ni sarafu ya 200 iliyotoka badala ya 500. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizogeuzwa: mteja alitakiwa apewe 6,300, ukampa 3,600, ziada 2,700, na 2,700 kwa 9 ni 300 kamili. Ikiwa imekaa kama bei ya bidhaa, tuseme 1,850, mara nyingi ni mauzo ambayo hayakupigwa kwenye mashine, na hiyo ni kesi nyingine ya kuulizana leoleo.

Hizo za mwanzo zote ni hela za wateja. Zitie kwenye bahasha, andika juu yake tarehe, zamu, kiasi na unachodhani kilitokea. Usiitumie kuziba shoti. Shoti iandikwe kivyake, ziada kivyake. Ukizichanganya hutajua tena nani anamdai nani. Bahasha ikae walau mwezi, kwa sababu mtu wa kijijini anarudi mjini siku akiwa na safari nyingine.

Kisaidizi kimoja: mashine nyingi zinakuruhusu kuingiza kiasi ulichopokea kabla ya kubonyeza taslimu. Wengi wanaruka hatua hiyo, risiti inatoka na jumla tu, na mteja hana cha kuonyesha kwamba alitoa kumi. Ingiza 10,000. Risiti itaandika kilichopokelewa na chenji, na siku ya ubishi itawaokoa wote wawili.

6. Floti ipangwe, isiwe jumla tu.

Bosi akikukabidhi 50,000 kwa noti tano nyekundu, hajakupa floti. Msimu wa korosho wakulima wanalipwa kupitia benki, ATM inawapa nyekundu, na saa nne asubuhi kila anayeingia dukani anakuja nayo kununua kiberiti. Mpangilio unaovumilia ni kama huu: 5,000 mbili, 2,000 saba, 1,000 kumi na nne, sarafu za 500 kumi na sita, za 200 kumi na mbili, za 100 kumi na nne, za 50 nne. Hiyo ni 50,000. Msimu ukichanganya, ongeza buku na jero (sarafu za 500) kabla ya kingine chochote.

Chenji ikikata msikimbilie pipi. Mteja hakuja kununua pipi, na mia mbili mbili za watu hamsini ni 10,000 ya kila siku inayogeuka kuwa mauzo ya pipi. Muulize kwanza, akikataa mtafutie. Sarafu zipo mjini, zimekaa kwa watu mnaowapita: mama anayeuza ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha), makonda wa daladala wakifunga hesabu zao, dereva wa bajaji. Wao wanatafuta noti kubwa za kupeleka nyumbani, nyie mnatafuta ndogo. Mkizoeana na mama mmoja wa ming'oko akawaletea mfuko wake kila jioni, hamtakwama. Mkihesabiana naye, mhesabu kwa kupanda vilevile.

Ikibidi "nibakizie, utachukua kesho", mwandikie karatasi yenye kiasi, tarehe na sahihi, na nakala ibaki kwenye daftari. Neno la mdomo linakufa zamu inapobadilika.

7. Mteja akirudi akisema amepunjwa, usianze na "ungehesabu kabla hujaondoka." Kibao cha dirishani chenye maneno hayo kinamkumbusha mteja ahesabu, hakikuondolei wewe kosa lako. Muulize alitoa noti gani, alinunua nini, saa ngapi hivi. Funga droo, mwite msimamizi, hesabuni papo hapo kwa njia ile ya namba 5. Droo iliyopangwa inachukua dakika kumi. Ziada ikilingana na anachodai, mpe na umwombe radhi mbele ya walewale waliosikia akidai. Isipolingana, mwonyeshe hesabu aone mwenyewe. Wengi wanaridhika wakionyeshwa, kinachowachoma ni kupuuzwa.

8. Hili la mwisho ni la wenye maduka, ila vijana mlijue. Duka linalokata shoti kwenye mshahara na kumeza ziada linamfundisha keshia kupunja, hata kama hakuna aliyetamka hivyo. Anayeogopa kukatwa 3,000 atahakikisha kila siku droo inazidi kidogo, na inazidi kutoka kwa nani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata hasara hivihivi: kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwenye duka aliye makini anaandika shoti na ziada kwenye daftari moja, safu mbili, na anatazama mwenendo wa mwezi mzima. Keshia ambaye ziada yake haikosi kila siku ndiye wa kukalishwa chini kwanza, kabla ya yule mwenye shoti ya mara moja moja.

Kesho Jumamosi. Anayefungua ahakikishe kile kipande cha mbao cha kukandamizia noti kiko juu ya kaunta, na atakayepita sokoni leo jioni amwombe mama wa ming'oko sarafu za mia mbili. Kwenye droo zimebaki nane.